Damu ya Kunguni

Maini yalikuwa ya Njiti. Hilo halikuwa na mjadala nyumbani kwa fundi cherehani. Binti yake mdogo alizaliwa kabla ya siku zake, njiti kweli, na jina likamganda. Basi kila mama alipopata maini, au yai, au kipande cha mnofu, kilipita mbele ya dada mtu kikatua kwenye sahani ya mdogo. Dada mtu, waliyemwita Bonge, alijaziwa wali na mchuzi, na chai ya sukari nyingi ya kushushia. Akilalamika, mama alimjibu pini zikiwa mdomoni: "Wewe mzima, wewe."

Wivu ulimla Bonge, wala hakuupa jina jingine. Alimwonea Njiti kijicho kwa maini, kwa kikohozi chake, hata kwa ile mifupa ya mabega iliyomtia mama huruma. Yeye akipata kizunguzungu anapofua, huambiwa mvivu. Mwishowe akaamua kwamba ana damu ya kunguni, ile ambayo mwenye nayo hapendwi hata afanye nini.

Kwa hiyo shule ilipotangaza kupima damu za wanafunzi, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, tumbo tupu kama walivyoagizwa. Mpimaji alipomfunga mpira mkononi, Bonge akamwambia, "Dada, niangalizie kama ni ya kunguni."

"Mashine yangu haina kipimo hicho," mpimaji akacheka. "Ila mengine itasema."

Ikasema. Wiki iliyofuata mama aliitwa, akaenda na binti zake wote wawili. Njiti hakuwa na tatizo: damu ya kutosha, sukari sawa, mafuta sawa. Bonge ndiye aliyepungukiwa damu, akiba yake ya madini ya chuma imekaribia kwisha, na sukari imeanza kupanda.

"Umechanganya chupa, mwanangu," mama akasema. "Mgonjwa ni huyu mwembamba. Huyu mwingine si unauona mwili wake?"

"Mwili nimeuona, mama. Ndiyo maana damu nikaipima tena."

Mama akamgeukia Bonge. "Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Nilikwambia. Ukasema uvivu."

Mama akamgeukia mpimaji, akauliza huyu alishwe nini.

Jioni ile maini yalitua kwenye sahani ya Bonge, na chai yake haikutiwa sukari. Maini yenyewe yalikuwa makavu, machungu kidogo, hayakufanana na yale aliyoyatamani miaka yote. Njiti aliyakodolea macho.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe mzima, wewe," mama akasema, akiendelea kupakua.

Bonge alijua maneno hayo yanavyochoma. Angeweza kumkatia mdogo wake kipande. Akaivuta sahani karibu, akatafuna polepole, Njiti apate kuona vizuri.