Gauni la Mkia wa Samaki

Vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa mlango, na halitui. Fundi amekung'uta viganja vyake, na chembe nyeupe zinapanda na kushuka kati ya cherehani na kioo, kati yangu na wewe. Nakutazama kupitia vumbi hilo, mdogo wangu, umesimama juu ya kigoda na shumizi tu, umejikumbatia kama mtu anayesikia baridi. Na nje jua ni kali.

"Haya, bibi harusi," fundi anasema, pini mdomoni. "Tuonyeshe nini, tufiche nini?"

Ndivyo anavyomuuliza kila mwanamke anayepanda kigoda hicho. Mwenye tumbo anasema ficha tumbo, naye anapandisha kiuno cha gauni hadi chini ya kifua. Mfupi anataka urefu, anapewa mistari ya kwenda chini. Mwembamba anawekewa marinda, anatoka hapo amejaa. Fundi huyu haogopi mwili wa mtu. Husema hakuna umbo baya, kuna mkasi wenye haraka.

Nilijua ungejibu nini. Wewe wa nyonga za kuziba mlango, kama tulivyokutania tangu utotoni. Wewe wa mabega yaliyokomaa kwa kukanda unga wa mikate kila alfajiri. Wewe uliyekuwa hupiti mbele ya kioo bila kujisalimia. Ungesema: onyesha vyote, atakayeumia na afumbe macho.

Ukasema, "Muulizeni yeye."

Yeye, mchumba wako, yuko ng'ambo ya barabara, ndani ya gari. Injini inanguruma tangu tulipoingia, na haizimi. Injini inanguruma, na vumbi halitui.

Fundi alitaka uanze na gauni la mwavuli. Kwa nyonga hizi, alisema, na kwa hizo hatua zako ndefu, tubane kiunoni tu, kisha tuachie, mwili upumue. Akaliteremsha la kujaribishia kutoka kwenye ndoano. Hapo simu yako ikalia, ukaiweka kwenye spika kama mtu aliyekwisha kuzoea. Sauti yake ni laini. Siku zote ni laini, haijapanda hata siku moja, na hilo ndilo linalonitia hofu.

"Fundi, mvalishe lile la mkia wa samaki. Na ukikata la kwake, usiache akiba ya kulegezea mshono. Atapungua."

Atapungua. Lakini ulikwisha kupungua, mdogo wangu, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Alianza na kicheko chako, akasema kinasikika mtaa wa pili. Akaja kwenye mikate, akasema mke wake hawezi kunuka hamira. Akaja kwa mashoga zako, mmoja mmoja, kwa upole, mpaka mlango wetu ukakosa wa kuugonga. Sasa hata ukipiga chafya unaomba radhi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa akituambia, nasi watoto tukadhani anasema habari za chawa.

Basi ukavishwa la mkia wa samaki. Zuri, sikatai, na lina wenyewe. Linabana kutoka kifuani mpaka chini ya magoti, kisha huko chini ndiko linakofunguka, kwa kuchelewa. Zipu ilipanda kwa shida. Ukageuka kwa vihatua. Ulipendeza, nasema kweli, ulipendeza kwa namna iliyonisisimua mwili, kama zawadi iliyofungwa tayari kupelekwa.

"Limekukaa," nikasema. Ndivyo tunavyosema wote, nguo ikimpata mtu.

Fundi ana desturi yake: harusi ina mvua, ina watoto, ina wajomba walevi, hivyo hakubali gauni mpaka lijaribiwe. Inua mikono. Mikono yako ikaishia mabegani. Kaa. Hukuweza kukaa, uliegemea tu ukingo wa meza. Haya, kimbia mpaka mlangoni. Ukaenda kidogo, ukashika ukuta.

Honi ikalia nje. Mara moja, fupi, ya adabu.

Ukashtuka mpaka pini ikakuchoma. Nikakuona kwenye kioo ukijitazama, na macho yako yakatafuta kitu huko ndani, kama mtu anayemtafuta mwenziwe sokoni. Nikaogopa hutamwona. Niliogopa sana.

"Dada," ukasema polepole, "halijanikaa. Limenikalia."

Fundi akatema pini zake kiganjani. Nje injini ile ikaendelea kunguruma. Hatukukuuliza kama ulikuwa unalisema gauni.

Akakufungua zipu, nawe ukavuta pumzi mpaka nikaisikia. Akakuvika la mwavuli. Likashika kiuno, likazipita nyonga bila ugomvi, likaanguka mpaka sakafuni. Hakuna aliyeuliza tuonyeshe nini. Mikono ikapanda juu, mikono yako ya mikate, yote miwili. Ukakaa, ukainuka.

"Kimbia," fundi akasema.

Ukafika mlangoni. Hukusimama. Ukashika gauni kwa mikono miwili, ukatoka peku kwenye mwanga ule mkali, na barabara yetu isiyo na lami ikakupokea. Nikamwona akiinama ndani ya gari, akakufungulia mlango, akitabasamu. Alidhani unamwendea. Ukaupita mlango ule kwa hatua zako ndefu, ukashuka kuelekea stendi, hukugeuka.

Tabasamu lake lilikawia kuondoka. Kisha mlango wa gari ukafungwa, na injini ile, iliyonguruma muda wote kwa sauti ya chini, ikapandisha sauti kwa mara ya kwanza.

"Hilo limemkaa," fundi akasema nyuma yangu, wala hakudai gauni lake.

Vumbi lilipanda nyuma yako, si lile jeupe la chaki, bali jekundu, zito, likaziba barabara kati yake na wewe. Nikasimama mlangoni na viatu vyako mkononi, nikaliomba lisitue.