Pumzi Kabla ya Pigo

Daktari alikuwa amesema basi: bega la Babu halitabeba tena ngoma. Miaka arobaini ya kuning'iniza dhol, ile ngoma nene ya Kipunjabi, ilikuwa imelimaliza.

Kwa hiyo siku chache kabla ya upasuaji, mjukuu wake, fundi sauti, alimrekodi pigo kwa pigo, upande wa fimbo iliyopinda na upande wa kijiti chembamba, ili baadaye Babu apige kwa vidole tu, kwenye kibao cha vitufe. Kisha mjukuu akayasafisha mapigo hayo. Alikata mlio wa mkanda wa ngoma begani, akakata pumzi, na kati ya mapigo mia tatu akachagua moja bora kwa kila kitufe.

"Bonyeza, Babu."

Babu, mkono mmoja umefungwa kifuani baada ya upasuaji, akabonyeza kwa mwingine. Mara ya tano akaacha.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Huyu hachoki, hakasiriki, hafurahi. Huyu karani anagonga mihuri!"

"Lakini ana swichi ya kumzima," Bibi alidakia kutoka jikoni. "Naitafuta tangu tuoane."

Babu akacheka kidogo, kisha akakisogeza kibao taratibu, kama mtu anayerudisha sahani bila kutaka mpishi aone.

Maneno ya mjukuu huja watu wakishaondoka. Alirudi chumbani, akavaa vipokea sauti, akafungua rekodi ya awali, ambayo kwa bahati hakuwa ameifuta. Hakukuwa na mapigo mawili yaliyofanana. Na kabla ya kila pigo zito Babu alivuta pumzi, mkanda ukalalamika begani. Hayo ndiyo aliyoyafagia kama taka.

Akayarudisha: mapigo ishirini kwa kila kitufe, yaje kwa zamu, kila moja na pumzi yake.

"Jaribu tena, Babu. Safari hii sijakuosha."

Kwenye spika mtu akavuta pumzi, kisha pigo. Likaja jingine, kali zaidi. La tatu liliteleza ukingoni.

"Hilo nilikosea," Babu akasema.

"Najua. Nimeliacha."

Akamtazama mjukuu wake, akaanza kupiga. Jikoni sufuria zikanyamaza. Katikati ya mdundo mkono wake usiofungwa uliruka begani, ukaupandisha mkanda ambao haukuwepo, ukawahi kurudi kabla ya pigo.