Shuka la Inshirahi

Kila alasiri jua la Dumyat, mji wa pwani ya Misri, huingia sebuleni kwa akina Wagdi kupitia roshani, likakaa juu ya zulia kwa muda wa kunywa gilasi ya chai bila haraka. Alhamisi moja Safinazi, mke wa Wagdi, alitaka mwanawe Shadi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa, apigwe picha katika mwanga huo. Tatizo lilikuwa nyuma ya mtoto. Makochi mapya yalikuwa bado yamevikwa nailoni na yalimetameta. Blanketi la chui lilimliza. Pazia la mawaridi lilimmeza: ulionekana uso tu, kama waridi lenye hasira.

"Wekeni kitu cheupe," alisema Wagdi, ambaye ni seremala, simu mkononi. "Kitu kisichoshindana na mtoto."

Dada yake, Inshirahi, alileta shuka jeupe. Lilikuwa la harusi yake. Aliolewa kijijini, kwenye mashamba ya michungwa, na baada ya miaka michache mumewe alimrudisha kwa kuwa hakuzaa. Shuka lilirudi naye.

Msumari haukushika, ukuta ulimwaga chokaa. Inshirahi, mrefu kuliko wote, akaliinua shuka kwa mikono miwili na kusimama nyuma yake.

"Hapo hapo ndipo pazuri," alisema mama yao, Bi Daulati.

Katika mtaa ule, mwanamke asiyezaa hatokei kwenye picha ya mtoto mdogo. Husuda haina makusudi, watu husema. Hutoka jichoni yenyewe, kama chozi. Inshirahi ndiye aliyemwogesha Shadi kila asubuhi, akamlaza, akamfundisha kupiga makofi. Kuogesha hakukatazwi. Lakini picha hudumu.

Wagdi alipolenga simu, shuka lilikuwa na michungwa, safu baada ya safu, yote imezaa.

"Sogea kushoto kidogo, dada," alisema. "Mti unamwota mtoto kichwani."

Inshirahi akasogea, na michungwa ikasogea. Picha ikatoka safi. Machungwa kadhaa yalidondoka zuliani, Bi Daulati akayakamua na kila mtu akanywa.

Alhamisi iliyofuata alipanda Mama Gabri wa ghorofa ya chini, pacha mmoja kila kwapa.

"Mimi nataka theluji."

"Theluji sijawahi kuiona," ilijibu sauti nyuma ya shuka.

"Kwani michungwa ulisomea? Jitahidi, dada!"

Inshirahi akawaza alichokijua. Theluji ilikuja, nene na nzuri, na katika kona yake palikuwa na mfuko wa mlenda ulioganda na kuku mzima.

"Na huyo kuku?"

"Ndiyo theluji niliyonayo, Mama Gabri."

"Basi mwache. Watu wajue tunakula."

Walipomaliza walipiga deki.

Shadi alikua, akaanza kutembea. Alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama yake: kila akiwekwa mbele ya shuka, aligeuka na kuipa simu mgongo. Safinazi alitikisa funguo, akalia kama kuku, akacheza. Mtoto aliinua pindo la shuka na kuchungulia miguu ya shangazi yake. Picha zake nyingi za mwaka ule ni za kisogo.

Kisha Wagdi akapata kazi ya useremala Kuwait. Wangeondoka yeye, mkewe na mtoto baada ya sikukuu. Inshirahi, ambaye tangu arudishwe hakuwa ameomba kitu kwa mtu, aliomba siku moja, wote wakiwa wameketi wanaviringisha wali katika majani ya mzabibu.

"Nataka picha moja. Mimi na Shadi, kanikalia mapajani."

"Wifi, roho yako nyeupe, naapa," alisema Safinazi. "Mimi sina neno. Muulize mama."

"Na mimi sina neno," alisema Bi Daulati. "Ni watu, mwanangu. Na mtoto anapanda ndege."

Wote wakamtazama Wagdi. Wagdi alitazama wali uliokuwa ndani ya jani.

"Tukirudi, inshallah, dada."

Alhamisi ya mwisho waliagiza bahari, kwa kuwa wangeikumbuka ile ya kwao. Bi Daulati na Safinazi waliketi, Shadi katikati. Inshirahi akainua shuka. Bahari haikuja. Ilitokea sebule ile ile, kochi likiwa limevuliwa nailoni, na juu yake Inshirahi mwenyewe katika gauni lake la buluu, viganja wazi mapajani.

Wagdi aliinamisha simu. "Dada, sogea. Unamwota mama kichwani."

Inshirahi wa kwenye shuka akasogea. Shadi alishuka, akageuka kama kawaida yake, akaingia ndani ya shuka na kupanda mapajani kwa shangazi yake. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliitazama simu, akacheka meno yote nje.

"Katulia!" alisema Mama Gabri, aliyekuja kuaga. "Piga basi, baba, jua linaondoka!"

Kidole cha Wagdi kilibaki hewani. Alimtazama mama yake.

"Inshirahi," Bi Daulati alisema kwa upole, "fikiria machungwa, mwanangu."

Vidole juu ya shuka vililishika upya. Kisha: "Nafikiria, Mama."

Chungwa likaanguka kando ya kochi, likafuatwa na jingine. Mchungwa ukaota penye kochi. Mtoto aliteremka kulifuata moja lililobingirika, akatoka nalo nje ya shuka, na Wagdi akapiga.

Picha hiyo iko Kuwait, katika fremu aliyoichonga Wagdi mwenyewe. Wageni huuliza ilipigwa studio gani. "Nyumbani tu," hujibu Safinazi, "kwa shuka." Kwenye ukingo wa juu vinaonekana vidole. Safinazi alitaka kuvikata. Shadi alilia, vikabaki. Kila jioni hunyanyuliwa avibusu, kimoja kimoja.

Huko Dumyat, Inshirahi hupika jamu ya machungwa na kuigawa jengo zima. Watoto hawakomi kuzaliwa. Alhamisi ngazi hujaa akina mama na wanao waliopakwa wanja, wakibishana nani alitangulia na nani anataka ngamia. Inshirahi hufungua mlango akiwa katika gauni la buluu, shuka lake limepigwa pasi.

"Mikono yako ibarikiwe, dada yetu!" wote humwambia, na hakuna asiyesema kwa moyo. Wakishaingia sebuleni humpisha, wakimbusu mashavu.

"Pita, pita. Pita nyuma."