Msalaba wa Kasisi Oldroyd

Januari 1606, Jumatano asubuhi, theluji ilikuwa imefunga njia ya Bradford. Damaris alijifungua mvulana nyumbani kwa mama yake, mumewe akiwa London kwa kesi. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, na hakulia.

"Aitwe kasisi," alisema mkunga, Sibyl Greave. "Si yuko hapo tu ng'ambo ya kijito?"

Bibi Averil Thornhaugh, mama yake Damaris, alikataa. Mimi nilikuwa msaidizi wa Bibi, na sababu niliijua: Kasisi Oldroyd angemchora mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso. Majirani walituita Wapuritani kwa kejeli. Kwetu alama ile ilikuwa uchafu wa Roma. Mchungaji wetu, Crewe, alibatiza bila msalaba, lakini alikuwa Bradford.

"Crewe ameshatumiwa mtu," alisema Bibi.

"Kwa theluji hii? Atakuta mtoto, Bibi, au atakuta jeneza?"

"Maji hayaokoi, Sibyl. Mungu anawajua walio wake."

"Basi huyo Crewe anaitiwa nini?"



"Mama," alisema Damaris kutoka kitandani, "sijawahi kukukatalia neno. Naomba mwanangu apate jina. Hilo tu."

"Atalipata kwa njia safi, mwanangu."

Mtoto alikufa kabla ya chakula cha jioni. Crewe alifika Ijumaa.

Kwenye lango la makaburi Kasisi Oldroyd alisema hawezi kumsomea sala za maziko asiyebatizwa. Bibi akamwambia hatuhitaji maombi yake, kama tusivyouhitaji msalaba wake.

"Msalaba gani?"

"Wa ubatizo."

"Huo huwekwa kanisani, Bibi. Kwa mtoto mahututi nyumbani ni maji na jina, basi. Kitabu cha sala kinasema hivyo."

Bibi alikuwa amekipiga marufuku kitabu hicho nyumbani mwake tangu alipoolewa. Hakuwahi kukisoma.

Sibyl alikuwapo makaburini. Kufikia jioni Damaris alikuwa amejua.

Mumewe alikuja kumchukua mwezi Machi. Kwetu mtoto, hata awe mtu mzima, hupiga magoti kila asubuhi na kabla ya safari, mzazi amwekee mkono kichwani na kumbariki. Damaris alikuwa akifanya hivyo tangu alipoweza kusimama. Asubuhi ile Bibi alisimama mlangoni, akavua glavu ya mkono wa kulia. Damaris alimpita, akapanda farasi nyuma ya mumewe, wakatoka langoni.