Udongo Ulioshika Risasi

Barua ya bwana shamba Hilario ilifika kijijini kwetu, wilaya ya Kisarawe, mwaka 1976, mwezi mmoja baada ya yeye kuchukua udongo wa shamba la Bi Mwanne kwenda kuupima. Kabla ya kijiji kuhamishiwa hapo, shambani hapo palivunjiwa betri kuukuu za magari. Kisima cha kijiji kilikuwa pembeni.

Mwenyekiti Mwinyimadi aliisoma mbele ya halmashauri: "Udongo umeshika risasi nyingi. Kwa sasa haujaiachia. Ukitiwa mbolea ya chumvichumvi utachachuka, nao utaiachia kisimani."

Akavua miwani. "Umeshika risasi. Na bunduki kashika nani?"

"Ni ile ya betri, Mwenyekiti," alisema Bi Mwanne. "Ni sumu. Wajukuu zangu wanakunywa pale."

"Bibi, barua ya serikali haina neno betri."

Mgambo kumi walichimba siku mbili. Walipata misumari, mfuniko wa sufuria na vipande vya betri, ambavyo walivitupa kando kwa kuwa havikuhusika na upelelezi. Muhtasari ukaandikwa: udongo umepekuliwa, haukukutwa na risasi hata moja. Kwa vile mihogo ya Bi Mwanne ilikuwa imeng'olewa yote, halmashauri ilimfidia magunia mawili ya mbolea ya chumvichumvi, yamwagwe shambani kesho yake.

Alfajiri alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbolea isimwagwe, mwanangu. Kisima kitaingia sumu."

"Bibi, udongo umeshaachiwa huru. Unataka tuukamate tena?"

Bi Mwanne akashusha sauti. "Basi nikwambie kweli. Zile risasi zimo kisimani. Mkimwaga chumvi, zitafyatuka."

Mwinyimadi alikaa chini. "Ngapi?"

"Hazihesabiki."

Kufikia adhuhuri kisima kilikuwa kimezibwa kwa mbao, na mgambo Kibwana amekaa juu yake na gobore. Mbolea ilifungiwa ofisini, ikaorodheshwa kama baruti. Kijiji kizima kilianza kuteka maji kwenye bomba la kijiji jirani, mwendo wa saa nzima, kikimlaani adui asiyejulikana.

Hilario alipokuja kukagua, alikuta ushauri wake umetekelezwa kuliko alivyothubutu kuomba. Alimuuliza Kibwana kama kuna mtu aliyekunywa maji yale.

"Hakuna, bwana shamba," Kibwana alijibu, akisimama wima. "Na kisima hakijafyatua hata risasi moja."