Kamera Mbili za Baba Mdogo

Baba mdogo alipiga picha za watu wakiwa kazini: kinyozi akikung'uta taulo, muuza mkaa akijifuta jasho kwa kiwiko, karani akisinzia juu ya mihuri yake. Alitembea na kamera mbili. Ile kubwa, inayong'aa, haikuwahi kutiwa filamu. Watu walipoiona walifunga vifungo na kukaza nyuso kama wanaosubiri hukumu, naye aliibonyeza kwa heshima zote, akashukuru. Waliposhusha pumzi na kurudi kwenye kazi zao, ndipo alipotumia ile ndogo iliyoning'inia kifuani. Baadaye, walipoletewa picha, wengi walicheka, wakasahau kuulizia ile nyingine.

Alipofariki, ndani ya kamera ndogo palibaki filamu ambayo haijasafishwa. Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuja kuulizia picha. Mkewe naye alikuwa ametangulia muda mfupi kabla.

"Mwanangu, mama watoto alivaa gauni la maua, nikamketisha kiti cha wateja," alisema. "Baba yako mdogo akampiga picha kwa ile kubwa. Picha yake nyingine ninayo ya kitambulisho tu, na mle anafanana na mtu aliyeibiwa."

Gauni la maua lilikuwa limetazamwa na kamera tupu. Kama ile ndogo haikubonyezwa siku hiyo, fundi hakuwa na kitu.

Niliisafisha filamu. Katika kipande kimoja palikuwa na mwanamke mezani, lakini sura yake, weusi umegeuka weupe kama ilivyo kwenye filamu, haikutambulika. Nilimwita fundi aone nikiichapa. Aliingia chumba cha giza akipapasa ukuta.

"Chuo kikuu wanawafundisha kufua gizani?"

"Wananifundisha sheria, fundi. Haya nimefundishwa nyumbani."

Niliizamisha karatasi kwenye beseni la dawa. Chini ya taa nyekundu ulitokea ukingo wa meza, kisha pasi ya mkaa, kisha mwanamke aliyeinama, mashavu yamejaa maji, akilipulizia shati. Matone yalikuwa yamesimama hewani mbele ya midomo yake, na kila tone lilikuwa limebeba mwanga wake kutoka dirishani. Nimeandika insha nyingi kuhusu heshima ya kazi. Sikuwa nimewahi kuiona mpaka pale.

Fundi aliinama juu ya beseni.

"Gauni liko wapi?"

"Ile kubwa haikuwa na filamu, fundi."

"Siku ile?"

"Siku zote."

"Tapeli mkubwa yule," alisema polepole, macho hayatoki kwenye beseni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. "Nilimwambia mama watoto tununue chupa ya kunyunyizia. Akaniambia mdomo wake hauhitaji kifuniko."

Alijifuta macho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akainama karibu zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kugusa dawa.

"Gauni ninalo kabatini," alisema. "Hii nifanyie kubwa, mwanangu. Kubwa kuliko zote. Nataka matone yaonekane."

Nikafungua boksi la karatasi kubwa ambazo baba mdogo alikuwa hajapata picha ya kuzistahili.