Nani Aliyelizima Jiko la Samadi

Jiko letu la gesi ya samadi lilipozima, mama mkwe hakukagua bomba wala tangi. Alinikazia macho mimi.

"Tulasa! Umekoroga samadi ukiwa kwenye siku zako!"

"Zilikwisha majuzi, mama."

"Uongo. Umetutia nuksi nyumba nzima. Nenda kachanje kuni."

Kuni! Moshi wa kuni ndio ulioniharibu macho, na gesi ndiyo iliyoniponya. Huku kwetu Chitwan mwanamke akiwa hedhini hagusi ng'ombe, haingii jikoni, analala kwenye majani bandani. Hayo nimeyameza. Lakini kusingiziwa? Ebo!

Nikaenda kwenye shimo tunalochanganyia kinyesi cha ng'ombe na maji kabla hakijateremka tangini. Pua ikapokewa na harufu ya dawa ya kusafishia choo. Chupa tupu ilikuwa palepale ukingoni.

"Nani kamwaga hii?"

"Mimi," akajibu mama mkwe nyuma yangu, hana hata haya. "Ulilishika shimo, nikalitakasa."

"Jamani, mama! Humo mna vijidudu vinavyochachua samadi, ndivyo vinavyotupa gesi. Umeviua vyote!"

"Vijidudu, kwenye jiko langu? Basi nimefanya vyema!"

Mume wangu Lokendra akajikohoza na kutazama paa. Mwanamume mzima na ndevu zake!

Nikalikomba tangi peke yangu. Nikaomba kwa jirani ndoo za uji wa samadi uliokwisha kuchacha tangini mwake, wenye vijidudu hai, nikamimina, nikaongeza samadi mbichi. Kila asubuhi nilikoroga kwa mikono yangu, na kila jioni nililia moshi wa kuni huku mama mkwe akinipigia kelele wali umeungua. Siku zangu zikarudi. Safari hii sikumwambia mtu.

Sikukuu ya Tihar ikafika. Siku ya kumvika ng'ombe maua, jiko likawaka, moto wa buluu kama zamani. Mama mkwe akakaanga sel, ile mikate ya mviringo ya unga wa mchele. Wa kwanza akampa ng'ombe, wa pili akautia mdomoni mwake.

"Umeona?" akasema akitafuna. "Nyumba ikiwa safi, moto unakuja wenyewe."

Nikaingia jikoni, nikasimama kando ya jiko.

"Samadi iliyoukaangia huo mkate nimeikoroga mimi, mama, kila siku. Hata leo. Na leo ni siku yangu ya pili."

Akaacha kutafuna. Akanitazama, akalitazama jiko.

Lilikuwa linawaka.